Miwani ya VR kwa wagonjwa wanaosikia sauti za kuwatesa: naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi

NesiWaZamu

Habari za kazi wakuu. Kitengo chetu cha afya ya akili kimeahidiwa miwani mbili za VR (humfanya mvaaji aone mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake) aina ya Meta Quest na kompyuta moja. Zimekusudiwa wale wagonjwa wa skizofrenia ambao dawa wanameza, usingizi umerudi, chakula wanakula, ila sauti za matusi haziwaachi. Ndani ya kifurushi hakuna programu wala mwongozo wa tiba. Mitandaoni nakuta picha za mtu kavaa miwani na maneno matamu basi. Mwenye kuijua tiba hii anisaidie: kinachotibu hasa ni nini, kipindi kinaendaje tangu mgonjwa anapoketi hadi anapoondoka, na mambo huharibikia wapi? Na nani asiguswe kabisa na kitu hiki?

BenchiLaTabibu

Mkuu, tuanze na jambo ambalo wauza vifaa hawalisemi. Tiba yenye ushahidi mwingi katika eneo hili haikuanza na miwani. Mwaka 2008 daktari wa akili Julian Leff wa London alipata wazo la kuipa sauti uso: mgonjwa aitazame kwenye skrini na kujibizana nayo. Mark Huckvale wa University College London, mtaalamu wa sayansi ya matamshi, akashughulikia upande wa kubadilisha sauti. Jaribio dogo la kwanza, wagonjwa 26, lilichapishwa 2013. Ndiyo tiba inayoitwa AVATAR, na majaribio yake makubwa ya Uingereza yametumia skrini ya kawaida ya kompyuta. Miwani ililetwa na timu nyingine, hasa ya Alexandre Dumais kule Montreal na Wadenmark katika jaribio lao liitwalo Challenge.

Kinachotibu ni mazungumzo. Avata, yaani ule uso wa kompyuta unaoiwakilisha sauti, haijiongozi yenyewe; anayesema ndani yake ni tabibu, aliyekaa chumba kingine na maiki, anamwona mgonjwa kwa kamera. Ana kitufe cha kubadilisha: upande mmoja anasikika kwa sauti ya avata, upande wa pili kwa sauti yake mwenyewe akimtia moyo mgonjwa. Mgonjwa anajua hivyo tangu mwanzo, hadanganywi. Na bado moyo unamwenda mbio, kwa sababu maneno ni yale yale anayoyasikia usiku.

Kikao cha kwanza ni cha maandalizi tu. Chagueni sauti moja, inayotawala au inayoumiza zaidi. Andika jinsia yake, umri, lafudhi, lugha, inatokea wapi (sikioni, ukutani, kifuani), inatishia nini mgonjwa asipotii, na ilianza kipindi gani cha maisha yake. Kisha chukua sentensi tano hadi kumi neno kwa neno kama inavyozisema. Usizisafishe lugha. Sentensi iliyosafishwa haimshtui mgonjwa, na isiyomshtua haimfundishi kitu. Baada ya hapo mnatengeneza uso pamoja, halafu sauti, huku ukimuuliza: kati ya 0 na 100, inafanana kiasi gani? Ukipata 30 endelea kurekebisha, usianze. Na ukipata 80 usihangaike kufika 100.

Vipindi vinavyofuata ni mara moja kwa wiki, dakika 50 hivi. Robo saa ya kwanza mnapanga: wiki ilikuwaje, leo avata itasema nini, wewe utajibu nini. Mazungumzo na avata ni dakika 10 hadi 15, hayazidi. Muda uliobaki ni wa kutua na kujadili. Mazungumzo hurekodiwa na mgonjwa hupewa rekodi aisikilize nyumbani sauti zinapomvamia.

Mazungumzo ya kwanza huwa hivi:

Avata: "Umekuja kufanya nini hapa? Huna faida. Hata nduguzo wanajua."
Mgonjwa: "Si kweli, mimi… nilikuwa nasoma vizuri, halafu…"
Tabibu, kwa sauti yake: "Usijitetee. Inua kichwa, mtazame. Sema kwa kifupi."
Mgonjwa: "Maneno hayo nimeyasikia. Siyataki."
Avata: "Unajifanya jeuri leo?"
Tabibu: "Vizuri. Rudia vile vile, sauti ipande kidogo."
Mgonjwa: "Siyataki. Nyamaza."
Avata: "…Haya. Lakini nitarudi."

Angalia pale tabibu anapomkataza kujitetea. Anayeeleza sababu anaendelea kukiri kwamba sauti ni hakimu wake. Angalia pia kwamba avata imelegea kidogo sana. Kulegea ni kwa kipimo: kipindi cha kwanza inakubali kunyamaza, cha tatu inaanza kuuliza badala ya kuamrisha, baadaye inakiri jambo jema juu yake. Hilo jambo jema usilitunge wewe. Mwombe mgonjwa alete orodha kutoka kwa ndugu au rafiki. Nusu ya pili ya tiba mada hubadilika: kwa nini sauti hii ilikuja, inafanana na nani, ilimkuta katika hali gani. Hapo hutoka habari za kupigwa utotoni, za misiba, za aibu. Tabibu asiyejua kushughulika na kiwewe asiufungue mlango huo.

Panapoharibika mara nyingi ni tabibu kulegeza avata haraka kwa huruma. Mgonjwa anaona ni mchezo: "huyo ni wewe daktari." Au kinyume chake, tabibu anaongeza matusi ambayo mgonjwa hakuyataja, na hayo mapya sauti halisi inayachukua. Usibuni. Amri za kujidhuru au kudhuru wengine siziweki mdomoni mwa avata hata kama ziko kwenye orodha. Zijadilini mkiwa uso kwa uso.

Anayebaki nje: mwenye mpango wa kujiua kwa sasa, mwenye kifafa (upande wa miwani), aliye katikati ya kulewa au kutafuna mirungi kutwa, asiyeweza kutenga sauti moja kutoka kwa umati, na yule ambaye uchunguzi wa mwili bado haujafanyika. Sauti zinaweza kutokana na kifafa, maambukizi ya ubongo, VVU, uziwi wa uzeeni, au kujifungua juzi. Halafu kuna dawa. Kama hajajaribiwa dawa mbili za saikosisi (hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo) kwa dozi kamili na muda wa kutosha, au zimejaribiwa zikashindwa na hajafikiriwa klozapini (dawa ya wale ambao nyingine zimewashinda), basi miwani si hatua inayofuata.

HesabuYaTiba

Naongezea takwimu ili mfadhili asije akaahidi miujiza.

Jaribio la 2018 hapo London lilichukua watu 150 waliosikia sauti kwa mwaka mmoja au zaidi licha ya tiba. Nusu walipata AVATAR, vipindi sita. Nusu ushauri nasaha wa kuwaunga mkono. Baada ya wiki 12 waliopata AVATAR walikuwa na nafuu kubwa zaidi kwenye PSYRATS, kipimo cha maswali cha ukali wa sauti. Baada ya wiki 24 tofauti ya makundi haikuonekana tena. Watu husoma hapo wakasema tiba imeisha nguvu. Sivyo: kundi la AVATAR lilibaki na nafuu yake, ila wale wa ushauri nasaha nao waliendelea kupata nafuu. Maana yake kikao cha kila wiki na mtu anayesikiliza kwa makini si kitu cha kupuuzwa, na hicho hakihitaji umeme.

La pili lilichapishwa 2024, watu 345, makundi matatu: vipindi 6, vipindi 12, na huduma ya kawaida. Wiki ya 16 mateso yatokanayo na sauti yalipungua kwa makundi yote mawili ya tiba. Wiki ya 28 tofauti hiyo haikudumu. Lakini waliopata vipindi 12, wakiingia kwenye historia ya maisha yao, sauti zenyewe zilipungua marudio, na hilo lilikuwepo wiki ya 16 na ya 28. Kwa hiyo ukiwa na muda wa vipindi sita tu, panga mapema jinsi ya kumshika mgonjwa baada ya pale.

Wadenmark, kwa miwani, watu 270: ukali wa sauti ulipungua wiki ya 12, lakini si kwa kiasi kikubwa. Pia wapo walioeleza kwamba sauti zilizidi kwa muda wakati wa tiba. Mwambie mgonjwa na ndugu zake kabla, na mpe namba ya kupiga jioni ya siku ya kipindi. Asipoambiwa, sauti zikipanda usiku ule atasema mmemwongezea ugonjwa, na hatarudi.

PSYRATS ya sauti ina vipengele 11, kila kimoja 0 hadi 4, jumla 44. Tenganisha alama za marudio na alama za mateso. Mgonjwa anaweza kusikia sauti mara zile zile kwa siku lakini amerudi shambani au dukani, na jumla pekee haitakuonyesha hilo.

KinywaNaSikio

Upande wa sauti, kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotea.

Programu za bure za kubadilisha sauti zina kasoro mbili. Ya kwanza ni kuchelewa. Sauti ikichelewa zaidi ya robo sekunde mnaanza kukatishana maneno na mgonjwa anasubiri badala ya kujibu. Tumia maiki na hedifoni za waya. Zile za Bluetooth peke yake zinaweza kumaliza bajeti yako yote ya ucheleweshaji. Ya pili ni kupandisha kidatu (wembamba au unene wa sauti) tu bila kugusa mwangwi wa koo. Sauti ya mwanaume mzima huwa kwenye 110 Hz hivi, ya mwanamke 200 hadi 220. Ukipandisha 110 ikawa 210 na kuishia hapo unapata katuni, mgonjwa anacheka. Koo la mwanamke kwa wastani ni fupi kwa asilimia kama 15, hivyo fomanti (masafa ya huo mwangwi wa koo) nazo lazima zipande kwa kiasi hicho. Tafuta programu yenye vitelezi viwili tofauti, kimoja cha kidatu, kimoja cha fomanti, na ukiweka cha kwanza sogeza cha pili kidogo kidogo huku mgonjwa akisikiliza macho yakiwa yamefumbwa.

Hata ukifanya yote hayo, mashine haibadilishi lafudhi wala mwendo wa maneno. Hivyo vinatoka kwako. Kama sauti inasema Kisukuma na wewe hukijui, mkalimani hatasaidia, kwa sababu avata haiwezi kusubiri tafsiri. Mtafute mwenzako anayekijua akalie maiki, wewe uongoze. Wapo ambao sauti hutukana kwa lugha ya nyumbani na kuamrisha kwa Kiswahili. Liulize hilo kwenye maandalizi.

Kitu kingine: vyumba viwili, milango imefungwa. Mgonjwa akisikia sauti yako halisi ukutani nusu sekunde kabla ya avata, kazi imeharibika.

NesiWaZamu

Shukrani sana wakuu. Swali linalonitatiza zaidi ni hili. Wagonjwa wetu wengi sauti si ya mtu baki. Ni ya marehemu baba, au bibi, au wanasema ni jini au mzimu. Kijana wa miaka 20 nimwambie amjibu babake "nyamaza"? Na yule anayesema ni jini, nikitengeneza jini kwenye kompyuta ndugu zake watanielewaje?

BenchiLaTabibu

Swali zuri. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake mwaka 2015 walilinganisha wasikiao sauti San Mateo kule California, Accra na Chennai, watu 20 kila mahali. Wamarekani wengi walielezea sauti kama uvamizi na kipigo. Accra wengi walisema ni ya Mungu, Chennai mara nyingi ni ya ndugu anayekaripia na kuagiza kazi za nyumbani. Kwa hiyo usiingie na dhana kwamba kila sauti ni adui wa kufukuzwa. Uliza kwanza: kuna sauti ambayo ukiikosa utasikitika? Hiyo iache kabisa, hata kama ndiyo inayosema sana.

Kwa baba au bibi, lengo ni mpaka. Hakuna sababu ya kumvunjia heshima. Mgonjwa anaweza kuamkia avata kama angemwamkia mzee, kisha akakataa: "Baba, nakuheshimu. Maneno haya sitayapokea tena." Kauli hiyo ina nguvu kuliko "nyamaza", kwa sababu anaisema akiwa mtoto wake na bado anakataa. Na avata-baba inapolegea, ilegee kama mzee anavyolegea: kwa kunyamaza kidogo, kubadilisha mada, kuuliza "umekula?" Mzee wa kweli haombi radhi kwa hotuba. Tabibu akiweka hotuba ya toba kinywani mwake mgonjwa haamini.

Kama baba alikuwa mkatili kweli, hiyo ni tiba ya kiwewe na inataka vipindi vingi. Kama baba alikuwa mwema ila sauti imechukua sura yake, mgonjwa mwenyewe hufika mahali akasema, "baba hakuwa akisema hivi." Ukilisikia hilo usiliharakishe. Kipindi kizima kinaweza kukaa juu ya sentensi hiyo.

Kuhusu jini: usibishane na ndugu kama lipo au halipo, wala usitengeneze pembe na macho mekundu. Mwambie mgonjwa achague umbo analoliona yeye. Wengi huishia kuchagua uso wa mtu wa kawaida. Waeleze ndugu kwamba mnamfundisha kujibu kwa ujasiri kitu kinachomtisha, na kwamba kisomo au maombi wanayofanya hayagombani na hilo, ilimradi dawa haziachwi na hafungwi wala hapigwi. Akikataa mwenyewe kwa sababu za imani, usimbembeleze.

Kuna hatari moja ninayotaka uiweke akilini: mgonjwa anayeamini wanampandikizia sauti kwa mitambo. Ukimvisha kitu kichwani kinachosema, umemthibitishia. Dawa yake ni kufunua mtambo. Mpeleke chumba cha pili, akae kiti cha tabibu, aseme kwenye maiki yeye mwenyewe, ajisikie akitoka kama avata, abonyeze kitufe. Baada ya hapo akiwa bado na shaka, mwache.

FundiVR

Vifaa, kwa haraka. Mgonjwa aketi kwenye kiti kisichozunguka. Mandhari isimtembeze, avata ndiyo isogee au irudi nyuma, mgonjwa abaki palepale. Kizunguzungu cha VR huja pale macho yanapoona mwendo ambao mwili hauusikii. Kipindi cha kwanza dakika 5 za mandhari tulivu bila avata, uone anavumilia.

Rekebisha umbali kati ya lenzi mbili ulingane na macho yake. Quest 2 ina nafasi tatu: 58, 63 na 68 mm. Ikikosewa kichwa kinauma na lawama zinakwenda kwa tiba. Mwenye rasta au hijabu legeza mkanda wa juu kwanza, kisha kaza wa pembeni, usimvute kitambaa. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu laini, spiriti inakwangua utando wake. Sehemu inayogusa uso iwe na kifuniko cha plastiki kinachofutika, si sifongo. Usiiache miwani dirishani: lenzi hukusanya jua na kuchoma skrini ndani, doa halitoki tena.

Betri ni kama saa mbili. Kompyuta iwe na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Umeme ukikatika katikati ya mazungumzo magumu, avata inapotea ikiwa imeshinda.

Akivua miwani asisimame ghafla. Dawa nyingi za saikosisi zinashusha presha mtu akiinuka. Na kama dawa inamfanya miguu isitulie, usimlazimishe kukaa dakika 15, gawanya mara tatu.

Akaunti ya Quest isiwe ya simu ya mtu binafsi, na rekodi zisihifadhiwe kwenye miwani. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hapa Tanzania, na Kenya wana yao ya 2019. Mgonjwa asaini kukubali kurekodiwa, kando na kukubali tiba.

NesiWaZamu

Nimepata mwanga. Sasa programu hatuna na fedha yake sijaiona. Kuna kitu tunaweza kuanza nacho?

BenchiLaTabibu

Kipo, na ni bora muanzie huko. Viti viwili. Mgonjwa kimoja, kingine kitupu ambacho sauti "inakalia". Tabibu anakaa pembeni yake, haketi kwenye kile kiti. Mgonjwa anasema ilichosema sauti, kisha anaijibu. Timu ya Mark Hayward kule Sussex imejenga tiba nzima juu ya uhusiano wa mtu na sauti yake kwa maigizo ya namna hii, na tangu 1987 Marius Romme na Sandra Escher wa Uholanzi wamekuwa wakisukuma wazo la kuzungumza na sauti badala ya kuzifukuza tu. Unakosa ule mshtuko wa uso na sauti iliyofanana, lakini unajifunza kipimo cha kulegeza, kumkatiza mgonjwa anapojitetea, na kufunga kipindi.

Wafanyakazi wafanye zoezi wao kwa wao kwanza. Mmoja alete sentensi tano za kumuumiza mtu wa kubuni, mwingine ajibu, wa tatu ashike saa. Wengi watagundua kusema matusi kwa sauti tulivu kwa dakika kumi ni kazi nzito. Wapangieni zamu na muda wa kuzungumza baadaye. Pima PSYRATS kabla ya kipindi cha kwanza, baada ya cha mwisho, na miezi mitatu mbele.

Na kubalianeni ishara ya kusimamisha. AVATAR ya mwanzo ilikuwa na kitufe cha kuondoa avata na kuleta picha ya ufukwe na muziki. Kwenu mkono ulioinuliwa unatosha. Ukiinuka, tabibu anaacha hapo hapo hata kama yuko katikati ya neno, anamwita mgonjwa kwa jina, anamtajia siku na mahali walipo. Hamwulizi kwanza kwa nini ameinua.

NesiWaZamu

Sawa mkuu. Nitamwandikia mfadhili miwani moja ibadilishwe iwe maiki, hedifoni na UPS.

FundiVR

Omba na kamera ndogo ya kumwona mgonjwa ukiwa chumba cha pili. Iweke mbele yake usawa wa kifua: uso nusu umefunikwa na miwani, kwa hiyo utasoma mikono na pumzi.